Nimewaambia Kwamba Pazia la Darubini Ulilishona Wewe

Chumba cha Kushonea Maturubai,
Mkabala na Fundi Redio,
Mtaa ule ule.

Jumatano, siku ya thelathini na mbili tangu darubini irushwe.

Mpendwa mwanangu,

Marahaba. Nakuitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu ukishamaliza kuisoma barua hii huenda ukaninyima shikamoo, nami nataka niwe nimeshaichukua yangu.

Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje? Unakula, au bado unakunywa chai ukiiita chakula? Sisi huku ni wazima. Goti langu la kushoto linalalamika kila asubuhi, ila la kulia ndilo linalokanyaga cherehani, na hilo halijajifunza uvivu. Mama yako, mdogo wangu, ni mzima, tanuri lake la mikate linawaka kila alfajiri kama kawaida. Mjomba wako ni mzima pia. Ni mzima kupita kiasi, kama utakavyoona.

Sasa keti. Ukiwa umesimama, keti.

Ile siri uliyonipa miaka sita iliyopita nimeitoa. Nimewaambia. Mama yako anajua, mjomba wako anajua, kinyozi anajua, na mtaa mzima unajua kwamba wewe si mhandisi, kwamba chuo ulikiacha mwaka wa pili, na kwamba katika kile kiwanda cha vyombo vya anga unashona. Nakuandikia mwenyewe ili usije ukalisikia kwa mwingine likiwa limetiwa chumvi. Na nakuandikia nikiwa sina mpango wa kuomba radhi.

Nisikilize jinsi ilivyokuwa.

Siku ya kurushwa darubini ile ya anga ilikuwa Jumapili, huku kwetu saa sita mchana. Fundi Redio alileta kompyuta yake hapa chumbani, akaiweka juu ya meza ya kukatia, tukasukuma turubai la lori pembeni. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba nina mtoto anayefanya kazi huko. Yule bwana hana maneno mengi, alikaa kimya mpaka moto ulipotoka chini ya roketi, ndipo akasema, "Loo, mama, hiyo inapanda kweli." Mimi nilikuwa nimeshika mkasi. Sikumbuki niliuchukua saa ngapi.

Toka siku hiyo tukawa tunaifuata. Kuna ukurasa mmoja kwenye mtandao unaoonyesha iko wapi, imebakiza kilomita ngapi, upande wa jua una joto gani na upande wa kivuli una baridi gani. Kila asubuhi kabla hajafungua kibanda chake, Fundi Redio alikuwa akivuka barabara na kunisomea. Siku ya tatu nilishtuka, maana kasi ilikuwa inapungua. Nikamwambia, hii inakufa njiani. Akacheka, akaokota kizibo cha chupa akakirusha juu, akasema kitu chochote ukikirusha juu kinaenda kikipunguza mwendo, na hao walioirusha wamepiga hesabu ifike pale inapotakiwa ikiwa imechoka kabisa. Nikasema basi na mimi wamenipigia hesabu hiyo hiyo.

Nilikuwa nangojea siku ya sita. Uliniandikia kwamba hiyo ndiyo siku ambayo pazia la kukingia jua litaanza kufunguliwa. Wenyewe mna jina lenu la kitaalamu. Mimi naliita turubai, kwa sababu ninajua turubai nikiliona: lina ukingo, lina kona, lina pindo, lina kamba za kulivutia. Ni jembamba kuliko karatasi ya kufungia sabuni, basi, lakini ni turubai.

Siku ya sita, Ijumaa, likakwama.

Upande mmoja ulifunguka, wa pili ukafika nusu ukagoma. Jioni ile redio ilitangaza. Kesho yake gazeti likaweka mchoro wa darubini ikiwa na pazia limekunjamana upande mmoja kama shati lililolaliwa, na chini yake maneno kwamba wataalamu wana wasiwasi huenda mshono mmoja umeshika mwingine.

Mshono, mwanangu. Waliandika mshono.

Sasa unajua jinsi mjomba wako alivyokuwa amekutangaza. Wewe ulisema tu kwamba unafanya kazi kwenye kiwanda cha vyombo vya anga. Yeye akaongeza uhandisi. Miaka sita, kila anapokaa kwenye kiti cha kinyozi, "mpwa wangu mhandisi" ndiyo salamu yake. Alistaafu ukaguzi wa shule akakosa cha kukagua, basi akawa anakagua sifa zako. Na wewe ulimwachia, nami nilimwachia kwa sababu uliniomba. Sasa darubini ilipokwama, pale kwa kinyozi wakaanza kumchezea. Mmoja akamwambia, "Mzee, mpwa wako amesahau kutia mafuta?" Mwingine akamuuliza kama mhandisi naye ana mtihani wa marudio.

Jumapili akatuita nyumbani kwa mama yako. Tulikuwa watatu tu, mimi, mama yako na yeye. Alikuja na koti lake la ukaguzi, lile la vifungo vinne, hata kabla hajakaa nikajua tumeletewa waraka.

Akasema tumekuwa tukichekwa, na kwamba amefikiri sana, na kwamba kuanzia leo mtu akiuliza tuseme wewe uliondoka katika kazi hiyo mwaka jana. Au tuseme uko idara nyingine. "Tuseme hahusiki," alisema. "Lile pazia halimhusu hata kidogo."

Mama yako alikuwa anatazama mikono yake. Alikuwa na unga kwenye kucha.

Mwanangu, ningeweza kunyamaza. Ulinisihi ninyamaze, na nimenyamaza mbele ya mambo makubwa zaidi. Lakini nilikumbuka barua yako ya mwaka juzi, ile ya kurasa nane. Ulinieleza jinsi mlivyokaa wawili kwenye meza moja, mmevaa nguo nyeupe toka utosini hadi kidoleni, mmefunika midomo, wiki tatu kwa mshono wa mita kumi na moja. Kila sindano inaandikwa inapotoka na inaporudi, na ikivunjika kazi inasimama mpaka kipande cha mwisho kiokotwe. Na jinsi ulivyoanza: ukifagia sakafu, ukamwona mama mmoja anahangaika na kona, ukaweka ufagio chini ukamwambia naomba nijaribu. Barua ile niliisoma mpaka mikunjo yake ikachanika. Leo mtu aniambie niseme hahusiki?

Nikasema, "Anahusika. Lile pazia kalishona yeye."

Mjomba wako akadhani nimesema mafumbo. "Kulishona vipi?"

"Kwa sindano. Vipi tena?"

Nikaendelea, maana nilijua nikipumzika nitarudi nyuma. Nikawaambia yote. Chuo, ufagio, meza, kona. Nikasema si mhandisi na hajawahi kusema ni mhandisi.

Mjomba wako alisimama. "Miaka sita nimewaambia watu mhandisi!"

"Uhandisi uliushona wewe mwenyewe, kaka," nikamwambia. "Tena bila kipimo."

Nilikuwa namwogopa mama yako kuliko yeye. Kaka ni kelele tu, lakini mama yako ndiye aliyekubeba. Alikwangua unga wa ukucha mmoja. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Kwa mkono au kwa mashine?"

Nikasema vyote viwili, ila kona zote kwa mkono.

Akasema, "Kumbe ndiyo maana ya vile vidole." Siku mlipoongea kwenye video ukiwa umefunga kidole cha shahada, ukamwambia umejikata na kisu ukimenya viazi, hakukuamini. Alidhani unapigwa, mwanangu. Alikaa na wazo hilo miezi minne, akiwa anakanda unga na kulia, wala hakutuambia. Sasa angalia siri yako ilikuwa inalinda nini.

Akalia kidogo pale pale, kisha akacheka, kisha akanigeukia akawa mkali kweli. Akasema, "Miaka sita umejua, na mimi mdogo wako umeniacha gizani." Hilo nililistahili. Yeye ndiye peke yake niliyemwomba radhi katika habari hii yote.

Mjomba wako alikuwa bado amesimama. Akasema basi neno hili lisivuke kizingiti cha mlango huu. Kuchekwa kwa mhandisi aliyekosea ni afadhali kuliko kuchekwa kwa mshonaji.

Nilimwambia, "Kaka, wewe ulisomeshwa na cherehani ya mama yetu. Suruali yako ya kwanza ya kazi niliipinda mimi. Ukitaka kuona haya, anza na suruali."

Akaondoka bila kuaga.

Jumatatu asubuhi nilichukua ule ubao wangu wa chaki ninaoweka nje kuandika kazi zilizo tayari. Nikafuta kila kitu. Nikaandika kwa herufi kubwa: PAZIA LILILOKWAMA ANGANI LIMESHONWA NA MTOTO WA CHUMBA HIKI. MWENYE SWALI AINGIE.

Waliingia. Wengine kuuliza, wengi kucheka. Dereva mmoja wa lori, ambaye nimemshonea maturubai tangu akiwa utingo, alisoma ule ubao akauliza kama turubai lake nalo litagoma kufunguka. Nikalikunja nikampa. Nikamwambia kama ana shaka na mkono uliomfundisha mtoto, atafute mkono mwingine. Alifikiri natania. Akalichukua akaenda nalo, na mpaka leo hajarudi, na sijamtuma mtu kumwita.

Hapa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Usiku na mchana nilikuwa nawaza ile kona. Mimi ndiye niliyekufundisha kugeuza kona kwa mishono mifupi mifupi, na kurudia mara mbili mwishoni, kwa sababu maturubai ya lori yanavutwa na upepo na bila hivyo yanafumuka. Nikawa najiuliza: je, ile mara ya pili ndiyo iliyonenepesha kona? Je, nimemfundisha mtoto kosa, akalibeba kwa adabu mpaka huko juu? Mbele za watu nilikuwa simba. Nikibaki peke yangu na cherehani nilikuwa naipapasa kila kona iliyo mbele yangu kama mtu anayetafuta uvimbe.

Jumanne mama yako alikuja baada ya kutoa mikate. Nilikuwa nimetandika turubai la zamani sakafuni na kuanza kulikunja kwa kufuata mchoro wa gazeti, pindo juu ya pindo, kama alivyofungasha yule aliyelifungasha lenu. Akavua viatu akashika upande wa pili. Tukalitoa uani, tukafunga kamba, mimi nikavuta huku na yeye akavuta kule. Watoto wa shule walikuwa wanachungulia ukutani. Wanawake wawili wazima wanavutana na turubai mchana kweupe!

Tulivuta mara tano. Lilikwama mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa kamba iliyojisokota, kona zilipita bila kushika. Najua hiyo haithibitishi chochote. Turubai langu ni zito kama mlango na lako ni jepesi kama pumzi, na huko kwenu hakuna upepo wala uani. Lakini nililala usingizi siku ile, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Jumatano hakukuwa na habari. Fundi Redio alivuka barabara mara nne kuniambia hakuna habari.

Alhamisi, kama saa nne asubuhi, nilimwona anakuja mbio, na yule bwana hakimbii hata mvua ikimnyeshea. Alikuwa ameshika kompyuta ikiwa wazi kifuani. Akasema wamejua. Ile mashine ndogo inayovuta kamba ya upande wa pili ilikuwa imeganda kwa baridi. Wakaigeuza darubini nzima kidogo kidogo, ubavu ule ukaota jua siku mbili, kisha wakajaribu tena, polepole. Alikuwa anasoma huku anameza mate. Nikamwambia acha kusoma maelezo, niambie limefunguka au halijafunguka.

"Limefunguka," akasema. "Lote. Limenyooka."

Nikamuuliza, "Na mishono?"

Akatafuta. Akasoma kwamba mishono yote ni mizima, haikuguswa, na kwamba mshono haukuwa sababu.

Nilitoka nje nikaita jina la mama yako toka mlangoni kwangu mpaka kwenye tanuri, nyumba nne. Alikuja na koleo la mikate mkononi. Nilipomwambia, alikaa kwenye ngazi yangu akajifunika uso kwa aproni. Tulikaa pale mpaka tukasikia harufu, na hapo tukakumbuka kwamba tanurini kuna mikate. Mikate yote ya mchana iliungua upande mmoja. Aliigawa bure mtaani, na aliyelalamika aliambiwa akwangue.

Mjomba wako alikaa siku mbili bila kuonekana. Jumamosi akatokea, na koti. Akasimama mbele ya ubao wangu akausoma toka juu hadi chini, kama anavyosoma kila kitu. Kisha akaomba chaki. Nikampa, nikitaka nione. Akafuta LILILOKWAMA, akaandika LILILOFUNGUKA, kwa ule mwandiko wake wa darasani. Mtu mzima huyo! Ameshindwa kusema nimekosa, ameweza kusahihisha.

Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba ni vizuri tuongeze cheo. Tuandike "fundi mkuu". Au "mtaalamu wa vitambaa vya anga", hiyo ina uzito.

Nikamnyang'anya chaki. Nikamwambia, "Yeye ni fundi. Neno lina herufi tano na zote zinatosha."

"Watu hawataelewa," akasema.

"Wataelewa. Wote wamevaa nguo."

Akaenda zake. Usidhani amekuja tena kuniomba msamaha, hajaja, na mimi simngojei mlangoni. Ila kinyozi ameniambia kwamba sasa akikaa kwenye kile kiti, anasema "mpwa wangu fundi", tena analitamka polepole, na akitokea mtu wa kucheka anamuuliza yeye mwenyewe amewahi kushona nini. Ndugu yangu huyo. Namjua. Akishalikubali jambo, hulifanya la kwake, na baada ya mwaka ataapa kwamba yeye ndiye aliyekupa sindano ya kwanza.

Juzi Jumatatu darubini ilifika mahali pake. Fundi Redio alinisomea: kilomita milioni moja na nusu. Upande wa jua ni moto wa kuchemsha maji, upande wa kivuli ni baridi ambayo hata sikuielewa, na katikati yake limesimama pazia lako. Nilimuuliza kama likichanika kuna mtu wa kwenda kulitengeneza. Akasema hakuna, ni mbali mno. Nimeshona miaka arobaini na moja, na kila nilichoshona kimewahi kurudi: kimepasuka, kimebana, mwenyewe amenenepa. Cha kwako hakirudi. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu, mkono juu ya gurudumu la cherehani, na sikuogopa.

Sasa wewe. Najua kwa nini ulificha. Ulidhani umeondoka hapa kwenda kutafuta kikubwa na umeishia kwenye kitu kile kile ulichokiacha kwenye meza yangu. Kasirika ukitaka, nipigie simu unifokee, nimejiandaa, nina majibu. Lakini mtu akikuuliza unafanya kazi gani, huko uliko au huku ukija, usiseme "niko kwenye mambo ya anga" huku unatazama pembeni. Mwangalie usoni umwambie unashona.

Mama yako anangojea barua yako, yake peke yake, isipitie kwangu. Anataka kujua sindano ni namba ngapi, uzi ni wa nini, na nani anakufunga kidole ukijichoma. Usimwandikie kwa kifupi.

Mama yako anakusalimu sana. Mjomba wako hakunituma salamu, lakini juzi aliniuliza barua inachukua siku ngapi kufika huko, basi hesabu hiyo kuwa salamu. Fundi Redio anakusalimu na anauliza kama unaweza kumpata mtu wa kumweleza ile mashine ndogo ina waya wa aina gani. Kinyozi naye anakusalimu. Na wewe nisalimie yule mama mliyeshona naye meza moja, mwambie kwamba huku kuna mtu anamwita dada ingawa hajamwona.

Mungu akulinde macho na vidole, akupe usingizi mzito na watu wa kucheka nao. Akuweke mbali na mtu yeyote atakayekuambia ushone kidogo ujidai zaidi.

Ni mimi mama yako mkubwa, nikupendaye bila kukuomba ruhusa,

Fundi wa Maturubai.